Mbwa katoka Kyela, anakohoa: ni minyoo ya moyo?

Mkulima_Uyole: Wakuu, shikamooni. Mbwa wangu Simba nimemtoa Kyela kwa shemeji. Anakohoa kikohozi kikavu, akipanda kilima kidogo tu anakaa chini, ulimi nje. Mtaalamu wa mifugo kataja minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Kwa baridi hii ya Uyole, wenzake nao wataambukizwa?

Dada_Mifugo: Marahaba, pole sana. Mbwa hamwambukizi mwenzake moja kwa moja, lazima mbu apitie kati. Mbu akinyonya damu yenye vijiminyoo, vinakua ndani yake kama siku 10 hadi 14 kukiwa na joto. Chini ya nyuzijoto 14 havikui, ila Uyole jua la mchana hupita hapo, usibweteke. Kyela, na mashamba yale ya mpunga, mbu ndiyo usiseme! Mnyoo jike hufika sentimita 30, ndani ya mishipa ya mapafu na moyo. Nakuomba, usimchome ivamektini ya ng'ombe kwa kukisia. Apimwe damu kwanza.

Mkulima_Uyole: Asante dada. Kesho nampeleka. Na watoto wake?

Dada_Mifugo: Wapimwe pia, kisha kinga kila mwezi.