Julius Kaisari, mtawala wa Roma, alimwambia Brutus, mmoja wa waliomuua, "hata wewe" au "nawe"?

Mtoa mada: "Et tu, Brute?" (Kilatini: "Hata wewe, Brutus?") ni maneno ya jukwaani, tamthilia ya Shakespeare, 1599, ambayo Mwalimu Nyerere alitutafsiria. Suetonius, mwandishi Mroma wa maisha ya watawala, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya mauaji ya Machi 15, 44 KK, anasema Kaisari alichomwa mara 23, akaguna kwa pigo la kwanza tu, basi. Ila anaongeza kwamba wapo wanaosimulia alipomwona Marcus Brutus akimjia, alitamka kwa Kigiriki: "Kai su, teknon." Tafsiri yake ni ipi?

Mchangiaji 1: "Hata wewe, mwanangu." Brutus alikuwa upande wa Pompey, hasimu wa Kaisari vitani, mwaka 48 KK, akashindwa, Kaisari akamsamehe, akampa cheo cha pretori, hakimu mkuu wa Roma. Huo ni uchungu wa mfadhili. Tetesi kwamba Brutus alikuwa mwanawe wa damu tuiweke kando: Kaisari alizaliwa 100 KK, Brutus 85, tofauti ya miaka 15 tu.

Mchangiaji 2: Hiyo "hata" umeitoa kwa Shakespeare, mkuu. "Kai" hubeba na, pia, hata. Muktadha ndio unaoamua. Antiokia, mji wa kale ulio Uturuki ya leo, ilichimbuliwa mozaiki ya sakafu (picha ya vijiwe): jicho la husuda linashambuliwa na nge, nyoka na mbwa, na pameandikwa KAI SU. Yaani hasidi, ubaya wako ukurudie. Mtu akikuapiza ukamjibu "Nawe!", ndiyo hiyo. Tena Suetonius huyohuyo anasimulia Augusto, kaisari wa kwanza wa dola ya Roma, akimfinya shavu Galba mdogo, aliyekuja kutawala baadaye: "Kai su, teknon, utaumega utawala wetu." Maneno yaleyale matatu, na hakuna uchungu wowote ndani yake.

Mchangiaji 1: Galba alikuwa mtoto kweli, Brutus alishapita 40. Na mozaiki yako ni ya karne ya 2 BK. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasema Kaisari alipomwona Brutus ameshika jambia alijifunika kichwa kwa toga, vazi lake la Kiroma. Anayelaani hajifuniki.

Mchangiaji 2: Karne ya 2 ndiyo ya Suetonius mwenyewe! Wasomaji wake waliyaona maandishi hayo majumbani. Na kujifunika hakumzuii mtu kuapiza kwanza.

Mtoa mada: Mkiri wote wawili kwamba Suetonius anaileta kama tetesi. Kwa mfasiri, ningeandika "Nawe, mwanangu": msomaji anaweza kusikia kilio au apizo. Ukiweka "hata", umeshamchagulia.

Mchangiaji 2: "Nawe" nakubali. "Mwanangu" hapana: "-angu" haimo katika Kigiriki. Andika "mtoto".