Naomba ushauri: kijani changu kinatoka kama tope

Habari zenu wasanii, naombeni mnisaidie. Niko Kisumu, nachora magugumaji ya Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa rangi za akriliki na kijani kinakataa kabisa kuwaka. Gurudumu la rangi, ule mchoro wa duara wa kuchanganya rangi, linasema bluu na njano zinatoa kijani, sawa, lakini mimi nikichanganya napata tu kile cha zeituni kimefifia, na yale majani jua likiyapiga asubuhi yanang'aa karibu yawe njano, hiyo ndio naitafuta. Bluu yangu ni ultramarini, nyuma ya tyubu imeandikwa PB29 (namba ya rangi yenyewe iliyomo), njano ni PY83 ile inaelekea chungwa. Nimesoma kwamba zote mbili zinaegemea nyekundu na nyekundu ndio inaua kijani. Nimeongeza nyeupe ikapauka, nikaongeza njano, wapi.

Sasa pesa iliyoko ni ya tyubu moja na dukani hapa hawana, itabidi niagize Nairobi. Nianze na bluu ya ftalo, PB15:3, ama njano ya limau, PY3, maana hizo zinaelekea kijani, si nyekundu? Na kwa zambarau ya maua ya hayo magugumaji, ultramarini itatosha na nyekundu gani?