Mliofanya kazi hoteli za Diani mkiwa vijana, ilikuwaje?

Kijana wa Ukunda: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, nimepata kibarua cha Desemba kwenye hoteli ya ufukweni. Nitegemee nini?

Mama Likoni: Marahaba mwanangu. Mimi niliwekwa bwawani, kwenye taulo. Alfajiri nilivuka feri ya Likoni, halafu matatu hadi Ukunda. Kabla wageni hawajaamka tulishazoa mwani wote uliotupwa na maji. Wageni wengi walikuwa Wajerumani, na nilijifunza kuhesabu Kijerumani kwa kugawa taulo tu! Tumbili nao walishuka mezani wakanyakua mkate mbele ya mgeni. Lakini usiku wa sengenya, wachezaji wa Kidigo walipoingia ukumbini, wapishi na wafuaji tulisimama mlangoni tukitazama ngoma ya kwetu ikishangiliwa. Nilijivunia mno.

Baba wa Msambweni: Uliza mapema bakshishi inagawanywaje. Kwetu ilitiwa sanduku moja, hata waosha vyombo walipata.

Kijana wa Ukunda: Ahsanteni. Nimepangiwa jikoni.

Mama Likoni: Basi nunua viatu visivyoteleza.