Binti amerudishwa nyumbani kwa kuomba apigwe na mwalimu wa kike. Utaratibu unasemaje?

FundiMarinda (Moshi) ameandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mwenye kujua taratibu za nidhamu za shule za serikali anisaidie, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo na nyumbani ni Pasua. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Kituoni kwetu asubuhi ni vita. Kifodi kikifika konda anachukua watu wazima kwanza, mwanafunzi anaachwa pale barabarani kwa sababu nauli yake ni ndogo. Anaweza kutoka nyumbani gizani na bado akafika shuleni namba imeshaitwa.

Wiki iliyopita alichelewa tena. Mwalimu wa zamu aliwapanga wachelewaji wote getini mstari mmoja, wavulana na wasichana, mtu anainama, anachapwa, anaingia. Ilipofika zamu ya binti yangu akasema, "Samahani mwalimu, naomba nipigwe na madamu." Alikuwa kwenye siku zake, hakutaka kuinama mbele ya wavulana. Adhabu hakukataa. Nimewauliza na wenzake wanaokuja kushona kwangu, maneno yao ni hayo hayo. Mwalimu akamwambia hiyo ni jeuri, akamtoa mstarini, arudi nyumbani aje na mzazi.

Nilifunga kibanda nikaenda. Mkuu wa shule hakuwepo. Mwalimu wa nidhamu akaniambia binti amegomea adhabu, na anayegomea adhabu anasimamishwa masomo, kwa hiyo akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Nikaomba barua. Akasema barua ya nini, mzazi umeshasikia.

Sasa ni Oktoba, upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Mtoto anakaa chini ya meza yangu ya kukatia anafumua mishono kwa wembe, sketi za watoto wa shule nyingine, daftari la baiolojia liko wazi kwenye goti. Akikwama ananiuliza, na mimi baiolojia siiwezi.

Naomba kujua mambo mawili. Mwalimu wa kiume anaruhusiwa kumpiga binti viboko? Na kusimamishwa kwa mdomo tu kunakubalika? Sitafuti ugomvi na walimu. Nawaheshimu, na mtoto atabaki mikononi mwao baada ya haya. Nataka arudi darasani.

Kibosho_Juu ameandika:

Pole sana dada. Mimi ningeenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Kuna pia namba ya simu ya watoto, 116, unapiga bure. Hawa wakiona mzazi kanyamaza wanazidi.

MamaNgaramtoni ameandika:

Dada pole, ila na mimi niseme langu. Sisi tulichapwa na walimu wa kiume na wa kike, tukasoma, tukawa watu. Leo mtoto amchagulie mwalimu nani ampige? Kesho atachagua na somo la kusoma. Muombee msamaha yaishe, mtihani uko mlangoni. Wazazi tukianza kushindana na shule, wanaoumia ni watoto.

MzeeChaki (Hai) ameandika:

FundiMarinda, pole mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili watu wanalibishania kila siku na wachache wamewahi kulisoma.

Viboko katika shule za Tanzania Bara vina kanuni yake, Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Kanuni hiyo inamruhusu mkuu wa shule kutoa viboko, au kumteua mwalimu kwa maandishi, na mwalimu huyo naye apate idhini ya mkuu kila mara anapotaka kuchapa. Narudia, kila mara. Kibali cha mwaka mzima hakipo. Viboko visizidi vinne kwa wakati mmoja. Zamani vilikuwa sita. Fimbo iwe nyembamba inayopinda, na sehemu za kupiga ni mbili tu, kiganja au makalio yakiwa yamevikwa nguo. Mgongo, miguu, kichwa, hapana. Waya na mpira, hapana. Aangaliwe pia umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Na kuhusu swali lako la kwanza: mwanafunzi wa kike anapigwa na mwalimu wa kike. Mwalimu wa kiume atampiga pale tu ambapo shule nzima haina mwalimu wa kike. Binti yako aliomba kitu ambacho kanuni ilikwisha kumpa.

Sasa MamaNgaramtoni, nakuheshimu, na najua unachosema kimetoka wapi. Lakini huyu mtoto hakumchagulia mwalimu. Aliyechagua ni serikali, mwaka 2002, tena pengine binti mwenyewe hajui hata kama kanuni hiyo ipo. Aliongozwa na haya yake, na haya kwa msichana ndiyo tabia tunayosema tunataka kuwafundisha.

Mwalimu wa nidhamu naye hakusema jambo la kutunga. Kanuni kweli inatambua kwamba anayekataa adhabu anaweza kusimamishwa masomo. Kwa hiyo mwanangu, simama kwenye ukweli huu: binti hakukataa adhabu. Alikubali, akaomba itolewe kwa utaratibu. Sema hivyo, uandike hivyo, usiongeze kitu.

Kuna kitu kimoja ukakiulizie kwa upole, nacho ni kitabu cha adhabu. Kanuni inataka kila tukio la viboko liandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa, na mkuu wa shule atie saini. Mimi nilikuwa na kaunta buku, nimeipigia mistari kwa rula, inakaa kabatini kwa mkuu. Mwalimu akitaka kuchapa, anatembea mpaka ofisini, anaandika kosa kwa mkono wake kabla hajagusa fimbo. Nilichokiona ni hiki. Akiandika "ameiba simu ya mwenzake" mkono unakwenda. Akitakiwa kuandika "amechelewa" anasimama na kalamu hewani, halafu anasema mwalimu, acha tu nitaongea naye. Kanuni inasema viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloivunjia shule heshima. Kuachwa na kifodi hakuingii hapo hata ukisukuma. Ndiyo maana mstari wa getini hauandikwi popote. Ukiandikwa, kila aliyechapa atajulikana na kila kosa litasomeka.

Ongezea Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13. Inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, na inasema kumrudi mtoto kusipite kiasi kulingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Binti aliye katika siku zake, ainame mbele ya wavulana kwa sababu ya usafiri? Kiasi hapo kimepitwa.

Kibosho_Juu, polisi na 116 ni njia sahihi mtoto akiwa ameumizwa au yuko hatarini. Akiwa na jeraha usisubiri mtu, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hili la sasa ningeanzia kwa mkuu wa shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa. Mama anataka mtoto arudi darasani, na njia hii ndiyo fupi.

Swali la pili: usikubali kusimamishwa kwa mdomo. Omba barua yenye sababu na tarehe ya kurudi. Bila barua, siku hizi zote zinasomeka kwenye rejista ya mahudhurio kama utoro, na mtoto mtoro anaweza kufika mahali akaondolewa shule kabisa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko viboko vyenyewe.

Ticha_Muriet (Arusha) ameandika:

Shikamoo mwalimu. Nimekusoma vizuri na kanuni uliyoitaja ni ya kweli. Naomba wazazi nao watusikie sisi tulio kazini leo.

Mimi ni mwalimu wa kiume. Nikiwa wa zamu nasimama getini peke yangu, wachelewaji ni wengi kuliko darasa zima. Madamu tulionao wako vipindini. Mkuu ameitwa kikao halmashauri. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 watoto wamejaa, na tumefurahi wamekuja, ila walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Nikiwaachia waingie bila adhabu, wiki inayofuata nusu ya shule inachelewa na mkuu ananiuliza mimi. Nikiwapa kufyeka nyasi wanakosa kipindi cha kwanza. Nikiwarudisha nyumbani ndiyo haya ya dada hapa.

Simtetei mwenzangu kwa binti huyu. Alichofanya si sawa. Na tunakumbuka ile video ya Mbeya ya 2016, walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi mmoja ofisini. Ilitutia aibu sote tuliovaa jina hilo la ualimu. Nauliza tu, mwalimu wa zamu afanye nini na ule umati saa moja asubuhi? Majirani zetu hapo Taveta, upande wa Kenya, viboko vilifutwa tangu 2001 na shule zinafunguliwa kila siku, kwa hiyo naamini inawezekana. Nataka kujua inafanyikaje, kwa mikono.

MzeeChaki ameandika:

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la mwalimu anayeipenda kazi, nakujibu kwa tulichofanya sisi.

Tuliwapa viranja daftari getini. Mchelewaji anaandika jina, mtaa anaotoka, na amekuja kwa usafiri gani: miguu, baiskeli, gari. Anaingia darasani hapo hapo, adhabu ni baada ya vipindi, tena inayoonekana: kumwagilia miche, kufagia ukumbi, wakubwa kusomea mbele ya mwalimu wa darasa. Baada ya muda tukakaa na lile daftari. Walio wengi walikuwa wanatoka kituo kimoja. Mkuu wa shule akaenda pale alfajiri pamoja na mwenyekiti wa mtaa na askari wa usalama barabarani, wakasimama wanaangalia makonda wanavyopakia. Magari yakaanza kubeba wanafunzi. Tukabaki na wachelewaji sugu wachache, na hao ndio walikuwa wanahitaji mwalimu wa unasihi. Mmoja alikuwa analea wadogo zake, mama amelazwa KCMC. Fimbo ingemfanyia nini yule?

Ni kazi, sikufichi. Na ikitegemea mwalimu wa zamu peke yake inakufa. Ipeleke kwenye kikao cha walimu, ikafike bodi ya shule, na wazazi waambiwe.

FundiMarinda ameandika:

Shikamoo mwalimu. Asante sana, na wewe Ticha asante, umenifanya nimuelewe yule mwalimu wa getini. Nilikuwa namuona kama adui.

Kweli hilo la utoro hakuna aliyeniambia. Nimeandika barua hii usiku huu, naomba mnirekebishe kabla sijaipeleka:

"Kwa Mkuu wa Shule. Yah: Mwanangu kudhalilishwa na kufukuzwa shule. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwanangu alifukuzwa getini kwa kuomba apigwe na mwalimu wa kike kama sheria inavyosema. Hakukataa adhabu na hata sasa yuko tayari kupewa adhabu inayofaa. Naomba arudi darasani kwa sababu ya upimaji. Kama amesimamishwa naomba barua. Naomba pia kuona kitabu cha adhabu. Natanguliza shukrani."

Niende nayo mwenyewe au nimtume baba yake? Yeye ana hasira, naogopa atapandisha sauti.

MamaNgaramtoni ameandika:

Nenda mwenyewe mwenzangu. Hilo la kuwa kwenye siku zake sikuwa nimelitilia maanani nilipoandika mwanzo, mimi pia nina mabinti. Kamuone na madamu wa malezi kabla hujaingia kwa mkuu, atakuelewa haraka.

MzeeChaki ameandika:

Barua nzuri. Kichwa kiwe "Yah: Ombi la mwanafunzi kurejea masomoni", hayo ya kudhalilishwa na kufukuzwa yaondoe, yatamfanya mkuu ajitetee kabla hajasoma. Taja tarehe aliyorudishwa na tarehe uliyokwenda shuleni ukaambiwa kwa mdomo. Panaposema "kama sheria inavyosema" andika Kanuni za Adhabu ya Viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002. Ombi la kitabu cha adhabu litoe kwenye barua, liulize kwa mdomo mkiwa mmekaa.

Chapisha nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Chini andika "Nakala: Afisa Elimu Kata", na kweli umpelekee, ofisi yake iko kwenye kata yenu. Nenda na binti akiwa amevaa sare na begi lake la madaftari, ili mkuu akikubali aingie kipindi kinachofuata bila kusubiri kesho.