Hizi "dakika 36" za Lamu hadi Unguja ni za ndege gani?

Ndugu zangu, nina uchungu na sitaficha. Kuna mtandao mmoja wa kupima masafa ya ndege baina ya miji, jina siutaji. Wiki jana, Alfajiri ndiyo kwanza imesaliwa, nikapigiwa simu kutoka Unguja: mamangu mdogo ametangulia mbele ya haki, maziko baada ya Alasiri. Nikakaa barazani, nikaandika Lamu, nikaandika Zanzibar. Ukatokea mstari mwekundu umenyooka juu ya bahari: kilomita 480, dakika 36.

Nikawaambia binamu zangu, ningojeni, nitawahi.

Kilomita sizipingi, ukipima kwenye ramani ni kama hizo. Lakini nani kamwambia huyo fundi wa programu kwamba kuna ndege inayoufuata mstari wake? Kachukua 480, kagawa kwa 800, mwendo wa jeti kubwa, basi, kazi imekwisha. Mimi ilinibidi nipelekwe kwanza Nairobi, kilomita 450 hivi bara huko, ndipo niteremshwe tena nyingine kama 600 hadi Unguja. Zaidi ya elfu moja! Kwenda mji ambao babu zetu wakishushwa na kaskazi bila kuipa bahari kisogo.

Na hapo nimehesabu angani tu. Kiwanja cha Lamu hakiko Lamu, kiko Manda, ng'ambo ya maji. Mwenye boti alikuwa akingoja abiria wajae, nikamlipa nafasi zote ili ang'oe nanga. Kufika, ndege imechelewa saa nzima na hakuna aliyetoka kusema neno. Ilipokuja ni ile ndogo ya mapanga. Saa moja na nusu mpaka kiwanja cha Wilson, Nairobi. Sasa Wilson iko upande wa Lang'ata, na ndege ya Unguja ilikuwa ikiondokea Jomo Kenyatta, Embakasi. Magari yamesimama. Dereva wa teksi akazima injini kabisa, akateremsha kioo, akanunua njugu za kukaanga, akanimiminia kiganjani. Tukala njugu, mimi nikitazama saa.

Saa kumi na nusu niko kwenye foleni ya uhamiaji, pasipoti mkononi, ujumbe wa binamu ukaingia: "Tumeshazika."

Unguja nimeingia Isha imeshasaliwa.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kuniambia ningepitia Mombasa. Boti hadi Mokowe, basi la Garsen na Malindi, teremka kwenye vizuizi uoneshe kitambulisho, panda, teremka tena. Ukifika Mombasa jua linazama. Njia hiyo naijua tangu mtoto, usinifundishe.

Sijaomba makubwa. Pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja, waandike hivyo juu, kwa herufi kubwa, kabla ya hizo dakika zao. Nikawaandikia barua ndefu, nikaeleza kila kitu, hata msiba. Kesho yake jibu likaja, la mashine bila shaka: wananishukuru kwa maoni yangu, na je, ningependa kujua masafa ya Lamu hadi Cape Town?