Uzi maalumu: ulikutana na Mungu wapi nje ya mimbari? Kitabu, filamu au jambo la kawaida tu, tupeane uzoefu

Kandili (mleta uzi):
Wakuu, salamu kwenu. Huu si uzi wa kubishana dini ipi ni ya kweli. Mabishano hayo yana nyuzi zake humu na hayajawahi kuisha. Nataka kusikia jambo moja: imani yako, au hata mwamko mdogo tu wa roho, uliukuta wapi pasipo mtu kukuhubiria?

Naanza mimi. Dini nililelewa nayo, nikaijua kama mtoto anavyoijua njia ya shule: miguu inakwenda, akili iko kwingine. Baba alipofariki niliachiwa Biblia yake. Ilikaa juu ya kabati zaidi ya mwaka. Siku moja natafuta karatasi fulani, nikaishusha, nikakuta humo ndani mzee amepiga mistari kwa penseli, na pembeni ya baadhi ya aya ameandika tarehe. Tarehe tupu, hakuna maelezo. Kwenye Zaburi ya 88 nikaona tarehe ya wiki tuliyomzika kaka yangu mkubwa.

Kwa asiyeijua: zaburi nyingine za kilio huwa zinageuka. Mtu anaanza na machozi, anamaliza na shukrani. Hii haigeuki, inaishia gizani. Sasa mzee wangu mbele yetu hakuwahi kudondosha chozi. Nilidhani ule msiba aliuvuka kwa aya za faraja, zile wanazosomewa wafiwa. Kumbe alikuwa amekaa na hii. Penseli ameikandamiza mpaka upande wa pili wa karatasi umetokeza; ukipitisha kidole unauhisi mstari.

Sikuokoka siku ile, wala sikulia. Ila usiku nilisali, kwa kumfuatisha yeye. Ni lini nilianza kusali kwa ajili yangu mwenyewe, sikumbuki. Haya, tiririkeni.

Mlinzi wa Zamu:
Nimeweka kambi hapa.

Jalada Na. 7:
Mimi ni filamu. Ikiru ya Akira Kurosawa, ya 1952, nyeusi na nyeupe, Kijapani. Niliifungua nikitafuta usingizi.

Kuna karani mzee ambaye kwa miaka kama 30 kazi yake ni kugonga mihuri. Kuna kina mama wanaoomba dimbwi la maji machafu mtaani kwao lifukiwe, wanazungushwa dirisha hadi dirisha, kila ofisa anasema hilo si la idara yetu. Hapo nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana ile ilikuwa sauti yangu. Mimi nakaa kaunta, na "njoo kesho" nimeisema mara nyingi kuliko jina langu.

Mzee anagundua ana saratani ya tumbo, na muda aliobakiwa nao anautumia kuhangaikia lile dimbwi liwe kiwanja cha watoto kuchezea. Lakini kilichonipiga si kifo chake. Baada ya kufa wenzake wanakaa kwenye msiba, wanakunywa, wanalia, wanaapa kwamba kuanzia leo watatumikia watu kama yeye. Kesho yake ofisini wako vilevile. Vilevile kabisa! Nikaogopa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaapa mbele ya televisheni.

Jumatatu akaja mtu, fomu yake imepungukiwa sahihi moja. Badala ya kumrudisha nikanyanyuka, tukapanda naye ngazi hadi kwa anayesaini. Dakika kumi tu, na alikuwa ameshafuatilia miezi. Usiku ule nilijikuta nashukuru, kisha nikajiuliza: namshukuru nani? Swali hilo ndilo lililonirudisha. Filamu yenyewe haihubiri popote.

Chumvi Kidogo:
Samahani, naomba nichafue hali ya hewa. Hizo ni hisia, wakuu. Zima taa, weka muziki wa taratibu, kila mtu atamwona Mungu. Na mbona hamsemi kuhusu sisi ambao kitabu ndicho kilichotutoa?

Mimi ni riwaya ya mwisho ya Dostoevsky, ile ya ndugu Karamazov, 1880. Ivan anamwambia mdogo wake, Alyosha, kwamba yeye habishani juu ya Mungu. Anachofanya ni kurudisha tiketi: kama amani ya mwisho ya dunia inalipiwa kwa machozi ya mtoto mmoja anayeteswa, haitaki. Niliisoma wodini, nimekaa kando ya kitanda cha mpwa wangu, na mpwa wangu hakutoka mzima. Ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa muumini, na bado ile hoja aliipa nguvu zake zote, hakuipunja. Naye Alyosha hana hoja ya kumjibu kaka yake, anambusu tu. Watu huniambia busu ndilo jibu. Mimi halikunitosha.

Mwana wa Msafara:
Pole sana mkuu Chumvi, na usiondoke. Mimi shaka zangu nilizificha kama mtu anavyoficha ugonjwa wa aibu. Kisha nikakisoma kitabu ambacho Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alisimulia safari yake mwenyewe. Anasema alipitisha karibu miezi miwili haamini hata macho yake wala akili yake, na kilichomtoa hakikuwa hoja, ni nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Baadaye, 1095, akiwa mwalimu mwenye jina kubwa Baghdad, ulimi ukamfunga mbele ya wanafunzi, chakula hakishuki. Akaacha cheo, akaondoka.

Sikupata jibu la maswali yangu hata moja. Ila nikawaza, kama Ghazali, anayeitwa Hujjatul-Islam (Hoja ya Uislamu), naye aliugua hivi, mimi naona haya ya nini? Ijumaa ile nilikwenda msikitini na shaka zangu mfukoni. Nyingine bado ziko humo.

Bibi wa Ukurasa:
Kuhusu hisia, Chumvi ana hoja, tusimpuuze. Mimi hupima kwa kisa cha Inyasi wa Loyola, askari aliyekuja kuwa mtakatifu. 1521, vitani Pamplona, mguu unavunjwa na mzinga. Akiwa kitandani anaomba hadithi za mashujaa wa farasi na mapanga, hazipo, anapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua kitu: akiota ushujaa anafurahi, lakini ndoto ikiisha anabaki mkavu. Akiwaza yale mengine, furaha inabaki hata baada ya mawazo kwisha. Kwa hiyo mimi filamu ya Jumapili naiuliza Jumatano. Nyingi hazina jibu, na kuna moja niliyoililia sana ambayo leo siikumbuki hata jina.

Usingizi wa Haki:
Mimi mniwie radhi. Niliangalia ile filamu ya watawa wa monasteri ya Grande Chartreuse, Ufaransa. Mwongozaji aliomba ruhusa 1984, wakamjibu baada ya miaka 16! Saa mbili na dakika 42, hakuna msimulizi, hakuna muziki wa kubandika. Nililala. Nilipoamka, mtawa alikuwa bado kapiga magoti palepale. Sikuirudisha nyuma. Nilizima simu nikakaa kimya, mara ya kwanza baada ya miaka.

Sufuria:
Sina kitabu wala filamu. Nina vyombo vya watu saba. Mtu aliwahi kunisimulia habari za Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris wa karne ya 17 aliyepangiwa jikoni, kazi asiyoipenda, akawa anazungumza na Mungu hukohuko kwenye masufuria. Nikajaribu. Siku nyingi nazungumza na hasira zangu tu. Siku nyingine, nikifika kwenye lile sufuria lililoungua, natulia.

Chumvi Kidogo:
Kandili, jana usiku nimeisoma ile zaburi. Nimerudia mara mbili. Sisemi kitu, nauliza tu: pale pembeni mzee aliandika tarehe moja au zaidi?

Kandili:
Ziko tatu, mkuu. Mbili sijui ni za nini.