Kanidondoshea mafuta ya chips kwenye kitabu, halafu anauliza "Kwani huyu si alikuwa ameshaungua?"

Koti la Kijivu:
Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, msinisahihishe tahajia.

Yule jamaa. Mnamjua, simtaji, nisije nikafungiwa bure. Yule wa kijiweni anayevaa koti la mvua Januari jua likiwa utosini, anayeanza kila sentensi na "kiuhalisia". Huyo huyo. Leo kanimaliza.

Nina kitabu changu cha katuni cha Jonah Hex, juzuu ya kwanza ya zile za Gotham, ule mji wa kubuni wa Batman. Shemeji alinibebea kutoka Marekani, kikasafiri kwenye begi katikati ya viatu vya watoto na vitamini za mama mkwe, kikafika hata kona haijakunjika. Kona! Mimi mwenyewe nikitaka kukisoma nanawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Jamaa akaniomba atupie jicho, dakika mbili tu. Nikampa. Dakika ya tatu chips mayai zake zikafika.

Kitabu kiko wazi mapajani. Sahani iko juu ya kitabu. Tone likadondoka. Nasema tone kwa heshima, ile ilikuwa Rufiji ya masika. Likatua usoni kwa Hex. Nilipiga ukelele mpaka fundi viatu akajichoma sindano. Jamaa akautazama ukurasa, akaufuta kwa KIDOLE, kidole chenye pilipili, akauliza hata hajameza: "Kwani huyu si alikuwa ameshaungua?"

Kijiwe kizima kikacheka. Hadi muuza maji.

Kwa msiomjua: Hex alikuwa askari wa majimbo ya Kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, koti la kijivu la jeshi hajalivua mpaka leo, na riziki yake ni kusaka wahalifu waliotangaziwa donge nono. Uso aliharibiwa na mzee wa Waapache, wale wenyeji wa asili wa Marekani, kwa shoka lililopashwa moto. Ni upande wa KULIA. Kuna kinyama kama uzi kinaunganisha mdomo wa juu na wa chini, mchoraji Moritat hakisahau. Kushoto ni mzima, mwanaume wa kawaida, unamkabidhi binti yako bila wasiwasi. Sasa mafuta yametua wapi?

Kushoto.

Yaani shoka la moto lilimwachia nusu, chips mayai zimemalizia. Halafu unaniuliza kama alikuwa ameshaungua!

Humo ndani yuko Gotham ya miaka ya 1880, mji umeoza hadi kwenye misingi. Wanawake wanaojiuza wanachinjwa usiku, na wakubwa wa mji, watu wa karamu na kofia ndefu, wamo kwenye genge lenyewe. Hex anazunguka na Daktari Amadeus Arkham, daktari wa wagonjwa wa akili, anayetetemeka kila bastola ikilia. Nimekutana na kila aina ya uchafu kwenye kile kitabu, ila sijaona hata jambazi mmoja aliyekula chakula juu ya mali ya mwenzake.

"Kwani huyu si alikuwa ameshaungua." Nimeshindwa kula mchana.

Kisiki cha Mpingo:
Nimekaa siti ya mbele, nimekuja na karanga.

Mama wa Watatu:
Kaka yangu, una miaka mingapi? Nauliza kwa upole.

Dereva Mstaafu:
Mtu mzima analia kwa sababu ya katuni. Wenzio tunalilia bei ya dizeli.

Chumvi Nyingi:
Tupia picha ya ukurasa. Uzi bila picha ni umbea.

Koti la Kijivu:
@Chumvi Nyingi siwezi kukifungua, kurasa mbili zimegandana. Mama wa Watatu, nina 41, na umri hauna uhusiano na KIDOLE CHENYE PILIPILI.

Kisiki cha Mpingo:
Lakini mkuu, tuseme ukweli, swali la jamaa lilikuwa zuri.

Chumvi Nyingi:
😂😂 Mimi ningemnunulia soda.

Mzee wa Reli:
Wewe usisumbuke na huo uso. Hex mwenyewe mwisho wake ni mbaya kuliko mafuta. Kwenye hadithi iliyotoka 1978 anapigwa risasi mwaka 1904, mzee kabisa, akiwa anafuta miwani yake. Halafu maiti inakaushwa, inajazwa kama swala wa makumbusho, inavalishwa mavazi ya kichekesho, inawekwa kwenye maonyesho watu waitazame kwa kiingilio.

Koti la Kijivu:
MZEE WA RELI!! NIKO SURA YA TATU!

Mzee wa Reli:
Hadithi ya 1978, mkuu. Nilijua umesikia.

Kisiki cha Mpingo:
Hahaha, kaungua pande zote mbili, na sasa kajazwa pamba. Siku ya leo!

Dereva Mstaafu:
Huyo si ndiye waliyemtolea filamu 2010, na mwigizaji Josh Brolin? Dola milioni 47 zikateketea, wakaambulia kama 11. Kwa hiyo kuungua ni desturi yake.

Mtoto wa Kolwezi:
Ndugu zangu, mnapoteza muda na huyo mwenye sura mbaya. Sisi huku tumekulia kwa Lucky Luke, kauboi wa katuni za Morris, Mbelgiji, tangu 1946. Anapiga risasi haraka kuliko kivuli chake, uso safi, hadaiwi donge na mtu. Hata sigara aliacha 1983, akawa anatafuna jani.

Chumvi Nyingi:
Anayetafuna jani ni mbuzi.

Mtoto wa Kolwezi:
Naomba heshima.

Mama wa Watatu:
Mnazungumzia vitabu. Mimi niliazimisha sufuria langu namba kumi, lenye mfuniko, likapika pilau ya ubani. Yule dada, na wengi humu mnamjua, amelirudisha baada ya miezi minne limetoboka, chini kuna ukoko wa arobaini. Nikamuuliza. Kanijibu, "Dada, si lilikuwa la zamani?"

Kisiki cha Mpingo:
Huyo ni ndugu yake yule wa chips.

Dereva Mstaafu:
Mfuniko alirudisha?

Mama wa Watatu:
Mfuniko wanafunikia kisima!

Chumvi Nyingi:
Eeh! Hii ndiyo ilitakiwa kufunguliwa uzi.

Mzee wa Reli:
Mimi nina jeki ya gari iko kwa mtu tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nikipita ananipungia mkono.

Koti la Kijivu:
Jamani, kuna anayejua namna ya kutoa mafuta kwenye karatasi? Nimesikia unga wa ngano.

Dereva Mstaafu:
Mama wa Watatu, hilo sufuria linazibika. Kuna fundi hapa kwetu anaziba. Ni la bati au aluminiamu?

Mama wa Watatu:
Aluminiamu, lile zito la zamani. Anachukua shilingi ngapi?

Chumvi Nyingi:
Unga wa ngano weka kwenye sufuria, likishazibwa.